Nusu Huenda Wapi? Kanuni ya Kukadiria na Usanifishaji wa Maktaba za Hesabu za Kompyuta

Miongoni mwa mada za hisabati ambazo mwanachuo huziona kuwa nyepesi ni ile ya kukadiria namba. Huandika mfano mmoja au miwili ubaoni, hutaja kanuni, hutoa zoezi, na kipindi huisha. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba chini ya wepesi huo limejificha swali lililowashughulisha wataalamu wa kompyuta kwa miongo kadhaa, na kwamba mwalimu asiyelitambua swali hilo aweza kumdhulumu mtoto pasipo kukusudia.

Tuanze na tukio tulilolishuhudia wenyewe. Tulikuwa tukiwatembelea wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha. Mmoja wao, kijana mwenye bidii, alikuwa amewapa wanafunzi wake zoezi la kukadiria namba hadi makumi ya karibu. Usiku aliandaa majibu kwa kompyuta, akitumia lugha ya programu iitwayo Python, ili asipoteze wakati na asikosee. Kompyuta ilimpa majibu haya: 25 ni 20, 35 ni 40, 45 ni 40, na 65 ni 60. Wanafunzi, ambao mwalimu wao wa siku zote aliwafundisha kwamba tano hupanda, walikuwa wameandika 30, 40, 50 na 70. Basi mwenzetu akatia alama ya kosa mara tatu katika kila daftari.

Madaftari yaliporudishwa, binti mmoja alisimama akauliza kwa adabu: “Samahani mwalimu, ile tano ya 35 na ile tano ya 45 si ni moja? Mbona moja inapanda na nyingine inashuka?” Mwanachuo akajibu kwamba ndivyo kompyuta ilivyosema. Binti akaketi, akachukua ufutio, akafuta 50 yake na kuandika 40.

Ufutio ule ndio uliotufanya tuandike makala haya. Kompyuta haikuwa mbovu. Mwanachuo hakukosea kuiandikia amri. Mtoto naye alikuwa ameifuata sawasawa kanuni aliyofundishwa. Wote watatu walikuwa sahihi, lakini mtoto ndiye aliyepata alama ya kosa. Yafaa tujiulize jambo hilo liliwezekanaje.

1. Maktaba ya hesabu ni nini?

Lugha ya programu ni lugha iliyobuniwa na watu ili waweze kuiandikia kompyuta maagizo. Anayeandika programu hahitaji kueleza upya kila hesabu. Akitaka kipeuo cha pili cha namba, hutaja tu jina la hesabu hiyo, na kompyuta huichukua kutoka katika hazina ya hesabu zilizokwisha kuandaliwa. Hazina hiyo ndiyo iitwayo maktaba ya hesabu. Ndani yake mna vipeuo, logi, hesabu za pembe, na pia ile hesabu ya kukadiria ambayo mwanachuo wetu aliitumia.

Lugha ya kwanza ya namna hii iliyoenea sana kwa kazi za hesabu ni FORTRAN. Iliandaliwa katika kampuni ya IBM nchini Marekani na John Backus pamoja na wenzake, ikatolewa mwaka 1957 kwa ajili ya mashine iliyoitwa IBM 704. Haukupita muda mrefu kabla ya watengenezaji wengine kuandaa FORTRAN zao, kila mmoja kwa mashine yake. Programu iliyoandikwa kwa mashine moja ilipopelekwa kwenye nyingine, pengine ilikataa kufanya kazi, kwa sababu hesabu fulani haikuwamo katika maktaba ya huko au ilikuwamo kwa jina jingine. Ndipo mwaka 1966 shirika la usanifishaji la Marekani likapitisha kanuni sanifu za FORTRAN, zikiwa na orodha ya hesabu ambazo kila maktaba ilipaswa kuwa nazo na majina yake.

Neno usanifishaji si geni kwa msomaji wa Kiswahili. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki ilisanifisha Kiswahili kwa kushika lahaja ya Kiunguja kuwa msingi. Hilo halikuwa na maana kwamba Kimvita ni kosa. Maana yake ilikuwa kwamba vitabu vya shule vya Tanga, Mombasa na Tabora viandikwe kwa namna moja ili vieleweke na wote. Tuukumbuke mfano huu, maana tutauhitaji tena.

2. Jina moja, majibu mbalimbali

Kukubaliana majina hakukutosha. Mashine mbili zilizojua jina lile lile la hesabu ziliweza kutoa majibu yanayotofautiana katika tarakimu za mwisho. Sababu ni kwamba kompyuta haina nafasi ya kuandika desimali isiyo na mwisho. Ukigawanya 2 kwa 3, jibu ni 0.6666 na kuendelea bila kikomo. Mahali fulani hapana budi kusimama. Je, tarakimu zinazobaki zikatwe na kutupwa, au jibu likadiriwe liwe 0.6667? Watengenezaji walijibu kila mmoja kwa njia yake. Mashine za IBM System/360, zilizotangazwa mwaka 1964, kwa kawaida zilikata. Nyingine zilikadiria.

Msomaji aweza kuuliza: tofauti ya tarakimu ya mwisho ina madhara gani? Jibu latoka Vancouver, nchini Kanada. Mwezi Januari mwaka 1982 soko la hisa la mji huo lilianzisha kipimo cha bei za hisa, kikianzia 1000. Kipimo kilihesabiwa upya baada ya kila biashara, mara nyingi sana kwa siku, na kila mara kompyuta ilibakiza desimali tatu na kuikata sehemu iliyozidi. Kila mkato ulikuwa mdogo kuliko elfu moja ya kizio. Kufikia Novemba 1983 kipimo kilisoma chini ya 530, ilhali kilipohesabiwa upya kwa njia iliyo sahihi kilikuwa karibu 1,100. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba na haba ilikimwaga.

Mwaka 1985 Taasisi ya Wahandisi wa Umeme na Elektroniki, ijulikanayo kwa herufi IEEE, ilitoa kanuni sanifu nambari 754 kuhusu hesabu za desimali katika kompyuta. Aliyetangulia katika kazi hiyo ni William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye mwaka 1989 alipewa Tuzo ya Turing. Kanuni hiyo iliagiza kwamba kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta kipeuo cha pili kutoe jibu lile ambalo lingepatikana kama hesabu ingefanywa kikamilifu kwanza, kisha ikakadiriwa mara moja tu. Namna ya kukadiria nayo ilitajwa: nenda kwenye namba iliyo karibu zaidi, na kama uko katikati kabisa, nenda kwenye namba ambayo tarakimu yake ya mwisho ni shufwa.

Hiyo ndiyo kanuni iliyomjibu mwanachuo wetu. Namba 45 iko katikati ya makumi 4 na makumi 5. Kwa kuwa 4 ni shufwa, kompyuta ilichagua 40. Namba 35 iko katikati ya makumi 3 na makumi 4. Ikachagua 40 tena.

3. Kwa nini shufwa?

Mtu akisikia kanuni hii kwa mara ya kwanza huiona ya ajabu. Tuipime kwa mfano ambao mwanachuo aweza kuufanya mwenyewe kwa kalamu. Tuchukue namba hizi kumi: 5, 15, 25, 35, 45, 55, 65, 75, 85 na 95. Jumla yake halisi ni 500.

Tukizikadiria kwa kanuni ya shule, ambapo nusu hupanda daima, tunapata 10, 20, 30, 40, 50, 60, 70, 80, 90 na 100. Jumla yake ni 550. Tumeongeza 50 ambazo hazikuwapo.

Tukizikadiria kwa kanuni ya shufwa, tunapata 0, 20, 20, 40, 40, 60, 60, 80, 80 na 100. Jumla yake ni 500, sawa na jumla halisi.

Siri yake ni nyepesi. Namba iliyo katikati kabisa haiko karibu na upande wowote. Tukiipandisha kila mara, makosa madogo yote huelekea upande mmoja na kurundikana. Tukiifuata shufwa, takriban nusu ya namba hizo hupanda na nusu hushuka, na makosa hufutana. Kwa mtu mwenye namba kumi tofauti hiyo ni ndogo. Kwa kompyuta inayofanya mamilioni ya hesabu yafaa izuiwe mapema.

Isidhaniwe kwamba kanuni ya shule ni ya kijinga. Kanuni ya shule ina sifa moja kubwa: mtoto hutazama tarakimu moja tu, akaamua. Kanuni ya shufwa humtaka atazame tarakimu mbili, na pia ajue kama kuna kitu baada ya tano. Kwa mtoto wa miaka kumi anayeanza, wepesi una thamani kuliko kufutana kwa makosa. Kila kanuni ina kazi yake.

4. Lugha za programu hazijakubaliana zote

Mwanachuo asifikiri kwamba mwaka 1985 ulimaliza mambo. Kanuni ile ilihusu hesabu za ndani za mashine; amri ya kukadiria anayoiita mwandishi wa programu iliachiwa kila lugha. Tazama majibu ya lugha tatu zinazotumika sana leo, zinapoagizwa kukadiria hadi namba nzima:

Lugha ya C: 2.5 huwa 3, 3.5 huwa 4, −2.5 huwa −3.
JavaScript: 2.5 huwa 3, 3.5 huwa 4, −2.5 huwa −2.
Python, toleo la 3: 2.5 huwa 2, 3.5 huwa 4, −2.5 huwa −2.

Lugha ya C, ambayo amri hii iliingizwa katika kanuni zake sanifu mwaka 1999, huipeleka nusu mbali na sifuri. JavaScript huipeleka upande wa namba kubwa. Python huipeleka kwenye shufwa. Tena Python yenyewe haikuwa hivyo tangu mwanzo: katika toleo la 2 nusu ilikwenda mbali na sifuri, na mabadiliko yalikuja na toleo la 3.0 mwishoni mwa mwaka 2008. Programu ile ile, yenye maneno yale yale, ilianza kutoa jibu jingine.

Kugawanya kwenye baki nako kuna hadithi yake. Ukiigawanya −7 kwa 3, jibu ni ngapi na baki ni ngapi? Kanuni za kwanza za lugha ya C, za mwaka 1989, ziliruhusu mashine moja ijibu −2 baki −1, na nyingine ijibu −3 baki 2. Zote mbili zathibitika, kwani 3 × (−2) + (−1) = −7, na 3 × (−3) + 2 = −7. Mwaka 1999 C ikachagua jibu la kwanza, kama FORTRAN ilivyokuwa ikifanya. Python hutoa jibu la pili hadi leo.

Twaona basi kwamba kanuni sanifu haidai kuwa njia nyingine ni uongo. Yachagua njia moja, yaitaja waziwazi, na yaiandika mahali ambapo kila mtu aweza kuisoma kabla ya kuanza kazi. Ni kama Kiunguja na Kimvita.

5. Lililo kweli na lililo mapatano

Hili ndilo fundisho tunalotaka mwanachuo alichukue darasani. Katika hisabati ya shule ya msingi mna mambo ya aina mbili, nayo tumezoea kuyafundisha kwa sauti moja.

Aina ya kwanza ni kweli. Saba mara nane ni 56. Hakuna kamati iliyokaa kuamua hivyo, wala hakuna kamati iwezayo kulibadili. Mtoto akipanga mistari saba ya vizibo, kila mmoja vizibo vinane, atahesabu 56 hata kama mwalimu hayupo.

Aina ya pili ni mapatano. Kwamba nusu hupanda ni mapatano. Kwamba tunafuata mpangilio wa MAGAZIJUTO ni mapatano pia, tena mapatano yanayohitaji maelezo. Mtoto anayelifuata neno hilo herufi kwa herufi atajumlisha kabla ya kutoa, na katika 10 − 4 + 3 atapata 3. Mapatano yanayotumiwa na watu wa hisabati, pamoja na FORTRAN, C na Python, huzipa kujumlisha na kutoa daraja moja na kuzifanya kutoka kushoto kwenda kulia. Jibu ni 9. Mwalimu asipolisema hilo, mtoto mtiifu ndiye atakayekosa.

Tofauti ya aina hizi mbili ni tofauti ya njia za kusahihisha. Katika jambo la kweli, mtoto anayekosea aweza kugundua kosa kwa kuhesabu tena. Katika jambo la mapatano, hata ahesabu mara mia, hawezi kuligundua asiloambiwa. Kwa hiyo kumtia alama ya kosa bila kumpa kanuni mapema si kumpima hesabu. Ni kumpima kubahatisha.

6. Namna ya kulifundisha somo

Tunapendekeza hatua zifuatazo kwa somo la kukadiria.

Hatua ya kwanza. Chora mstari wa namba ardhini, kutoka 20 hadi 30, nafasi zikiwa sawa. Mwite mtoto asimame kwenye 23 na umwulize: uko karibu na ncha ipi? Ahesabu hatua. Fanya hivyo kwa 27, 21 na 28. Watoto wataona wenyewe kwamba jibu liko katika umbali, wala halihitaji kuambiwa.

Hatua ya pili. Mwite mtoto asimame kwenye 25. Ahesabu hatua kwenda 20, kisha kwenda 30. Ni tano na tano. Nyamaza kidogo. Waache wabishane. Hapa mwalimu asiwe na haraka, kwa maana ubishi huu ndio somo lenyewe.

Hatua ya tatu. Waambie ukweli: umbali ni sawa, hivyo mstari peke yake hauwezi kutuamulia, hapana budi tukubaliane. Sema kwamba shule zetu zimekubaliana kwamba nusu hupanda. Andika juu ya ubao, mahali pasipofutwa: TUMEKUBALIANA: NUSU HUPANDA. Kuanzia hapo kanuni hiyo ndiyo sanifu ya darasa lenu, na kila mmoja ataifuata.

Hatua ya nne. Katika zoezi na katika mtihani, andika kanuni hiyo juu ya maswali. Mstari mmoja watosha.

Hatuwashauri wanachuo wawafundishe watoto wadogo kanuni zote tulizozitaja. Kufanya hivyo ni kuwachanganya. Mwalimu ajue kanuni nyingi. Mtoto apewe moja, naye aambiwe kwamba ni mapatano. Akija siku moja kukutana na kanuni nyingine katika kompyuta, hatadhani kwamba mwalimu wake alimdanganya.

Kwa mwanachuo anayeandaa majibu kwa kompyuta tunaongeza tahadhari moja. Kabla ya kuiamini amri yoyote, ipime kwanza kwa namba za mpakani: 25 na 35, 2.5 na 3.5, na −2.5 kama darasa limefikia namba hasi. Namba za kawaida kama 23 na 27 hazitakuonyesha kitu, kwa sababu kanuni zote hukubaliana huko. Ni mpakani ndipo zinapoachana. Na kompyuta ikitoa jibu lisilolingana na la kitabu, usiulize ni nani mkubwa kati yao. Uliza kila mmoja anafuata kanuni gani.

Hitimisho

Baada ya kipindi kile tuliketi na mwanachuo wetu chini ya mwembe, tukaandika zile namba kumi na jumla zake tatu. Alipoona 550 na 500 alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba yule binti alikuwa ameuliza swali lililo bora kuliko zoezi lote. Kesho yake aliyakusanya madaftari, akafuta alama za makosa, na akawaeleza wanafunzi kwamba majibu yao yalikuwa sahihi kwa kanuni ya darasa lao, na kwamba kosa lilikuwa la mwalimu. Hakupungukiwa na heshima kwa kusema hivyo.

Kuuliza si ujinga. Mtoto anapouliza kwa nini tano mbili zilizofanana huenda pande mbili, ameuliza swali ambalo wataalamu wa kompyuta walilijadili na kuliandikia kanuni. Jibu la “ndivyo kompyuta ilivyosema” halimfai, kama lisivyomfaa jibu la “ndivyo kitabu kisemavyo.” Mwalimu amweleze ni kanuni gani iliyotumika, ni nani waliokubaliana juu yake, na kwa sababu gani, kisha ndipo amsahihishe.